Dhahabu iliyo chini ya shamba la babu ni ya nani? Jibu kuhusu walibetariani wa mrengo wa kulia

Msomaji mmoja kaniuliza hivi, nimemfupisha kidogo: "Mkuu, kuna vijana mtandaoni wanajiita walibetariani, kila siku kodi ni wizi, serikali ikae pembeni. Sawa, nusu nawaelewa. Ila nikiwauliza dhahabu iliyo chini ya shamba la babu yangu kule Geita ni ya nani, huyu anasema ya babu, yule anasema ya atakayeichimba, mwingine ya wananchi wote. Hawa watu wanaamini nini hasa? Na mali asili wanaiweka wapi?"

Mkuu, umewashika pabaya. Hapo ulipogusa ndo penye kidonda chao, na wala hao vijana hawakukudanganya, kila mmoja alikupa jibu la kambi yake ila hakukwambia kwamba kuna kambi. Ngoja nianze na imani yenyewe halafu tutashuka mdogo mdogo mpaka kwenye dhahabu.

Mlibetariani wa mrengo wa kulia anaanzia sehemu moja tu: mwili wangu ni wangu. Si wa mfalme, si wa chama, si wa ukoo wala wa wengi waliopiga kura. Kama mwili ni wangu basi jasho langu ni langu, na nilichokipata kwa jasho ni changu, na nikikuuzia au nikikupa kwa hiari kinakuwa chako kihalali, na mtu wa tatu akija kukichukua kwa nguvu huyo ni mwizi hata akiwa amevaa sare na ana risiti. Ndo maana wanasema kodi ni wizi, hawasemi kwa utani, ni hesabu inayotoka moja kwa moja kwenye ile sentensi ya kwanza. Na usiwachanganye na wahafidhina wa kawaida, maana jamaa hawa hawataki serikali imwingilie mtu anayevuta bangi ndani kwake, wengi wao hawaoni serikali ina haki gani kumpangia mtu ndoa, na vita vya ng'ambo wanavichukia. Wala usiwachanganye na matajiri wanaotaka serikali iwape tenda na kuwafungia washindani wao, hao mlibetariani wa kweli anawaona ni kupe tu.

Ndani yao wenyewe kuna wa aina mbili. Wapo wanaokubali serikali ndogo kabisa, ya polisi, mahakama na jeshi basi, kama mlinzi wa usiku getini asiyeingia sebuleni. Huyu baba yao ni Robert Nozick, mwalimu wa falsafa wa Harvard, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Halafu wapo wanaosema hata huyo mlinzi simtaki, ulinzi na mahakama vinunuliwe sokoni kama mchele, na hapo jina kubwa ni Murray Rothbard, mchumi wa New York. Leo ukisikia Javier Milei wa Argentina anajitaja, anajiweka kwenye ukoo wa Rothbard, ingawa tangu Desemba 2023 ndo rais, yaani mkuu wa kitu ambacho kwa nadharia hakitakiwi kuwepo. (Na mafuta na litiamu ya huko, kwa katiba yao iliyorekebishwa 1994, ni mali ya majimbo. Hilo kalikuta.)

Kichekesho ni kwamba jina lenyewe walilichukua kwa watu wengine. Aliyelitumia kisiasa mwanzo ni Mfaransa Joseph Déjacque, mwaka 1857, na huyo alikuwa anakisti (mtu asiyetaka serikali yoyote) mkomunisti aliyetaka mali binafsi ifutwe kabisa, akaenda kuchapisha gazeti lenye jina hilo New York. Karibu miaka mia baadaye Wamarekani waliopenda soko huria wakaona neno "liberali" limeshachukuliwa na watu wa serikali kubwa, wakalibeba hili la libetariani, na Rothbard mwenyewe alijisifu baadaye kwamba kwa mara ya kwanza upande wao umewanyang'anya wapinzani neno. Chama chao Marekani kilianzishwa 1971. Huko Ulaya mzee wa siku nyingi ukimwambia "libetariani" anaweza kukufikiria wewe ni anakisti.

Sasa kwa nini tunaongeza "mrengo wa kulia"? Hapa ndo swali lako linaingia, na ni hapa wengi wanapochanganyikiwa. Kuna walibetariani wa mrengo wa kushoto pia, na kwenye ile sentensi ya kwanza hawana ugomvi, wote wanasema mwili wangu ni wangu na jasho langu ni langu. Wanachogombania ni kile ambacho hakuna aliyekitolea jasho. Ardhi, mto, samaki, gesi, dhahabu. Hivyo hakuna aliyevitengeneza, tumevikuta. Mtu akija mbele yako akasema hiki ni changu, kilikuwaje chake mara ya kwanza kabisa, kabla hakijauzwa, kabla ya hati, kabla ya bikoni? Kulia na kushoto ya ulibetariani imegawanyika kwenye swali hilohilo moja.

Wote wanarudi kwa Mwingereza John Locke, maandishi yake ya 1689. Locke alisema Mungu kawapa wanadamu dunia wote kwa pamoja, ila mtu akichanganya kazi yake na kitu cha porini, anakitoa kwenye ushirika kinakuwa chake. Ukiokota tunda, tunda lako. Ukifyeka pori ukalima, shamba lako. Lakini akaweka sharti, na sharti hili lishike vizuri maana tutalirudia: uwe umewaachia wengine cha kutosha na kizuri vilevile. (Halafu anateleza kidogo, anasema mabonge ya udongo wenye nyasi aliyokata mtumishi wangu ni yangu mimi. Yaani jasho la kibarua linakuwa la tajiri. Wasomaji wakali hawajamwachia hilo mpaka leo.)

Nozick alilichokoa wazo hili la kuchanganya kazi kwa swali ambalo huwa nawapa wanafunzi siku ya kwanza na darasa zima linacheka. Nina kopo langu la juisi ya nyanya, nalimwaga baharini, juisi inachanganyika na maji yote. Je, bahari sasa ni yangu, au nimepoteza juisi yangu kijinga? Akauliza tena, mtu akienda sayari ya Mars akasafisha kiwanja kidogo, kapata kiwanja, sayari nzima, au ulimwengu wote usio na watu? Na mtu akizungusha uzio kwenye pori, si kamiliki uzio tu na ule mstari wa udongo ulio chini yake? Ni mlibetariani anayewauliza walibetariani wenzake, na ukweli ni kwamba hakuwahi kulijibu swali lake mwenyewe mpaka mwisho. Alichofanya ni kulegeza sharti la Locke. Kwake si lazima ubakize ardhi nzuri kama uliyochukua, inatosha wengine wasibaki pabaya kuliko wangekuwa kama hakuna aliyechukua. Nimechukua shamba, wewe umekosa shamba, ila unapata ajira na unga wa bei nafuu sokoni, basi hujadhurika. Isipokuwa kwa mfano wa jangwani: visima vyote vikikauka kikabaki cha kwangu peke yake, siwezi kukutoza bei ninayotaka, hapo haki yangu ya umiliki inabanwa.

Rothbard hata hilo hakulitaka. Akasema sharti la Locke ukilifuata kwa dhati litafuta umiliki wote wa ardhi, kwa sababu kila anayechukua kipande anawapunguzia wengine. Kwake kanuni ni fupi: wa kwanza kukitumia ndiye mwenyewe, nukta. Akishakifanyia kazi hata akikiacha kikae tupu miaka 50 bado ni chake. Lakini (na hii lakini wafuasi wake wengi mtandaoni huwa wanaimeza) lazima kweli kakitumia. Kusimama mlimani ukanyoosha kidole, au kushuka ufukweni na bendera ukasema bara hili lote ni la mfalme wangu, si kutumia. Serikali kujitangazia pori ambalo haijawahi kulima hata tuta moja si kutumia. Mtu kupewa ekari elfu kumi kwa karatasi ya mtawala wakati kuna watu ndani wanalima, huyo si mwenye shamba, ni mnyang'anyi na wenye shamba ni wale wanaolima.

Upande wa kushoto wanasema hapana, hata aliyefyeka kamiliki kazi yake tu, ile ardhi yenyewe ina thamani ambayo si yeye aliyeileta. Thomas Paine mwaka 1797 alipendekeza kila mwenye ardhi adaiwe kodi ya ardhi asilia, na mfuko huo umpe kila kijana pauni 15 akifika miaka 21, na pauni 10 kwa mwaka kwa kila aliyefika 50. Henry George, Mmarekani, 1879, akasema tufute kodi zote tubaki na moja tu, ya thamani ya ardhi tupu: kiwanja chako cha mjini kimepanda bei kwa sababu barabara imepita na watu wamehamia, wewe ulikuwa umelala. Siku hizi wanafalsafa kama Hillel Steiner na Peter Vallentyne wamelisuka wazo hilohilo kwa lugha nzito. Mfano ulio karibu nalo ni Alaska, walianzisha mfuko wa mafuta kwa katiba mwaka 1976 na tangu 1982 kila mkazi anapokea gawio la kila mwaka, la kwanza lilikuwa dola 1,000. Yule kijana aliyekwambia dhahabu ni ya wananchi wote inawezekana kabisa ni wa kambi hii na hajui jina lake.

Hapa nisimame kidogo maana kuna jambo linaniudhi, watu wakilisikia hili wanadhani ni mambo ya wazungu tupu. Aliyesoma fikihi hata kidogo analijua suala la kuhuisha ardhi mfu: aliyehuisha ardhi mfu ni yake. Na wanazuoni wakagombana kuhusu serikali karne nyingi kabla ya Locke! Abu Hanifa akataka kwanza kibali cha mtawala, Shafi akasema kibali si sharti, na pwani yetu wengi ni Mashafi, kwa hiyo kwenye hilo moja mzee wa Lamu na Rothbard wangeelewana. Lakini mambo hayaishii hapo. Aliyezungushia mipaka tu bila kulima, akipitisha miaka 3 haki yake inaondoka, wakati Rothbard angeshasema uzio si kazi toka siku ya kwanza. Na kuna ile hadithi ya Mtume kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Na ipo habari ya chumvi ya Ma'rib, kule Yemen, Mtume alimgawia mtu mmoja, alipoambiwa ile ni kama maji yasiyokauka, kila mtu anaichota, akairudisha kwa umma. Yaani tayari kuna tofauti kati ya kitu kinachohitaji jasho na kitu kilichojaa tele wazi, tofauti ambayo Nozick alikuwa anaitafuta kwa kisima chake cha jangwani.

Na Nyerere je? Mwaka 1958 wakati serikali ya kikoloni inataka kuleta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja Tanganyika, aliandika kuupinga, na hoja yake ukiisoma utadhani anazungumza na Locke uso kwa uso: ardhi ni zawadi ya Mungu, mimi nikifyeka kipande nimeongeza jasho, kwa hiyo changu ni ule ufyekaji, na ni changu maadamu bado nakitumia, lakini ardhi yenyewe si yangu na siwezi kuiuza kama shati. Kaanza palepale Locke alipoanzia, katokea mlango mwingine. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uliokuwepo ukageuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99, na sheria za ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Madini vivyo hivyo. Mlibetariani wa kulia akisoma hapo presha inapanda. Ila hoja ya Nyerere yeye mwenyewe hawezi kuitupa kirahisi, maana inatumia jasho lilelile analolitumia yeye, na mi naona kwenye hilo Nyerere alikuwa thabiti kuliko Nozick. Pale alipoteleza ni kudhani kwamba kikitolewa mkononi mwa mtu na kupelekwa serikalini basi kimefika kwa umma. Hayo ni mambo mawili, na katikati yake kuna ofisi nyingi sana.

Haya, tushuke chini ya ardhi sasa. Ukishasema aliyelima shamba ni lake, umefika kina gani? Jembe linafika futi moja. Babu yako hakuwahi kuigusa dhahabu iliyo mita 80 chini. Marekani kwa kawaida mwenye ardhi ya juu anamiliki mpaka chini na anaweza hata kuuza ya chini akabaki na ya juu, ndo maana kuna wakulima wa Texas waliamka matajiri. Ila kwa mantiki safi ya Rothbard hilo si dhahiri hata kidogo: dhahabu isiyoguswa haina mwenyewe, na wa kwanza kuifikia ndiye, ilimradi hakuharibu shamba la juu. Kwa hiyo yule kijana wa pili aliyesema ni ya atakayeichimba ndiye aliyekuwa mlibetariani wa kulia thabiti zaidi kuliko yule aliyesema ni ya babu, pole sana kwa babu.

Na "wa kwanza" naye ni nani? Tuchukue Mererani. Tanzanaiti imejulikana 1967. Mwaka 2018 Rais Magufuli alimtambua hadharani mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi na akampa shilingi milioni 100. Lakini mwaka huohuo 1967 alikuwepo Manuel d'Souza, mtafutaji wa madini, aliyesajili eneo na kwa miaka mingi vitabu vya nje vikawa vinamtaja yeye, na zipo simulizi za Wamaasai waliokuwa wakiyaona yale mawe ya bluu wakati wanachunga. Aliyeona, aliyeokota, aliyesajili, aliyechimba. Kanuni inasema wa kwanza kukifanyia kazi, sawa, ila kazi gani? Nadharia haina jibu, jibu linatoka kwenye mila au sheria ya mahali, na mila na sheria ndo vitu walivyosema hawavihitaji kuanzia.

Vitu vinavyotiririka ndo balaa zaidi. Texas ya mashariki waligundua bwawa kubwa la mafuta mwaka 1930, juu kuna maelfu ya viwanja vya watu tofauti, chini mafuta ni yaleyale. Sheria ya huko ilisema ukiyavuta yakatokea kwenye kisima chako ni yako hata kama yametoka chini ya kwa jirani. Basi kila mtu akachimba haraka haraka kabla jirani hajayamaliza, bei ikaanguka kutoka dola moja hivi mpaka senti 10 kwa pipa, msukumo wa gesi chini unaharibika, na Agosti 1931 gavana akatangaza amri ya kijeshi akapeleka askari kufunga visima. Gavana mwenyewe alikuwa mtu wa mafuta wa zamani, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Humble, fikiria. Wapo walibetariani waliojibu kwamba kosa si umiliki binafsi, kosa ni kuukatia mahali pasipo sahihi, aliyegundua bwawa angepewa bwawa zima. Jibu zuri kweli, ila sasa umemnyang'anya mkulima wa juu. Colorado kwenye maji walifanya hivyo, mahakama yao mwaka 1882 ikashikilia kwamba wa kwanza kuchepusha maji ya mto akayatumia kwa kazi ya maana ndiye mwenye haki ya mbele, awe na shamba kando ya mto au hana, na akiacha kuyatumia haki inaweza kumtoka. Hapo nadharia imefanya kazi kweli, na miaka zaidi ya mia bado wanaitumia. Ila ona, kwenye maji wameweka sharti la kuendelea kutumia. Wamerudi kwa Nyerere bila kumjua.

Kilichobaki ni kile ambacho mimi naona ndo uzito wa itikadi hii, na wenye nayo wengi wanakikwepa. Umiliki wao ni mnyororo, alichukua kihalali, akauza kihalali, akanunua kihalali. Pete moja ikiwa ya wizi, Nozick mwenyewe anasema kuna deni la kurekebisha. Sasa twende pwani ya Kenya. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye madai kwenye ukanda wa pwani ajitokeze aandikishe, isiyoandikishwa ikawa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima pale hawakuandikisha, wengine hawakupata hata habari, wakaamka ni maskwota (wakazi wasio na hati) kwenye mashamba yao, na mpaka leo wapo wajukuu wanaoishi kwenye ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu wa ng'ambo asiyewahi kuikanyaga. Mpe kesi hii mlibetariani wa mtandaoni, bila kufikiri atakimbilia kutetea hati. Mpe Rothbard, yule wa makala ya 1969 iliyosema mali iliyoporwa kupitia dola iende kwa wanaoifanyia kazi, na atakwambia skwota ndiye mwenye shamba na hati ile ni karatasi ya mwizi. Marekani vilevile, ile sheria ya 1862 iliyogawa ekari 160 kwa kila mlowezi atakayelima miaka 5, wanapenda kuitaja kama mfano wa jasho kugeuka mali, sawa, ila ile ardhi haikuwa tupu, ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakiwinda na kulima humo. Kwa hiyo ukikutana na anayetumia ulibetariani kulinda kila hati iliyopo leo, huyo hajaifuata itikadi yake, anailinda hali ilivyo tu.

Sasa dhahabu ya babu. Kwa Nozick babu akiwahi kuichimba ni yake maadamu hakuna aliyebaki pabaya. Kwa Rothbard ya atakayeifikia kwanza. Kwa Henry George babu achimbe alipwe jasho lake na thamani ya jiwe lenyewe iende kwa wote, kitu ambacho mrabaha (ile sehemu ya thamani ya madini ambayo mchimbaji anailipa serikali) unakiigiza kwa mbali. Na kwa sheria ya Tanzania ilivyo, ya juu babu ana haki ya kuitumia, ya chini ni ya Jamhuri, mgeni akija na leseni babu atalipwa fidia ya mazao na usumbufu, halipwi dhahabu. Kwa hiyo kama kuna kitu umekiona kinang'aa huko, usibishane na vijana, nenda ofisi ya madini ukaombe leseni ndogo ya uchimbaji kwa jina la babu, na uende mapema, maana kwenye foleni ya leseni serikali nayo inahesabu aliyetangulia.